Kanga ya Namba Tatu

Siku Mwanahija alipofariki, Jitihada FC ilifungwa sita bila majibu, tena nyumbani, na timu ya Idara ya Posta, ambayo ilikuja pungufu kwa sababu baadhi ya wachezaji wake walikuwa bado mitaani wanasambaza barua.

Mwanahija alikuwa kitandani, redio iko juu ya stuli karibu na sikio lake. Mumewe, Bwana Hemedi Ngwali, alikuwa ameketi upande wa miguuni anamkanda nyayo. Bao la nne lilipoingia, Mwanahija alifumbua macho.

"Limepitia wapi?"

"Kulia," akasema Bwana Hemedi.

"Na la kwanza?"

"Kulia pia."

"Unaona? Kushoto, kwa Kibwana, halijapita hata moja."

Bao la tano lilipoingia alimwomba apunguze sauti, ila asizime. La sita hakulisikia. Bwana Hemedi alibaki ameushika mguu wake, na redio ikaendelea. Mchambuzi alikuwa akieleza mambo mazuri yaliyoonekana kipindi cha pili.

Jioni hiyo serikali ilitoa taarifa kwamba timu yake, Jitihada, haikufungwa, ila ushindi wake umechelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa uwanja. Msimu ukafungwa. Watu wa mtaa waliokuja msibani hawakujua waanze na pole ipi. Chogo kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta na shabiki wa Posta tangu anazaliwa, alifanya adabu kubwa: alivua skafu yake mlangoni, akaikunja, akaikalia.

*

Nchi yenyewe haitajwi hapa, kwa kuwa haipendi kutajwa kabla haijaandaa majibu. Inatosha kusema kwamba ni nchi yenye utaratibu.

Utaratibu wake mkuu ni huu: mahali palipowekwa kitu pana mtu. Ulianzia kwenye foleni, kama ilivyo kwingine. Mtu akichoka kusimama huweka jiwe, akaenda zake kunywa chai, na wenzake hulisogeza lile jiwe kwa ncha ya mguu, kwa heshima, foleni inavyosonga. Hakuna anayethubutu kulipita. Katika hospitali ya wilaya kuna jiwe liliwahi kufika mpaka kwa daktari, likapimwa presha, likaambiwa lipunguze chumvi.

Kutoka kwenye foleni utaratibu ulipanda maofisini. Huko kitu cha kuweka ni koti. Ukiingia ofisi yoyote ya nchi hiyo ukakuta koti mgongoni mwa kiti, bosi yupo, na ni utovu wa nidhamu kuuliza yupo wapi. Bungeni makoti hukaa siku nzima, na hupiga kura. Koti lililoteleza likaanguka chini huhesabiwa limepinga hoja, na mwenyewe huitwa kujieleza.

Bwana Hemedi alikuwa fundi cherehani, na kwa utaratibu huo alikuwa hakosi kazi. Kila mkubwa alishonewa makoti mawili: koti la kuvaa na koti la kukaa. Koti la kukaa ndilo lililokuwa la kitambaa kizuri zaidi, maana ndilo lililoonekana na watu.

Kule uwanjani, mashabiki walishika viti vyao kwa namna hiyohiyo. Msimu ukiisha, kila mtu aliacha kitu chake kitini: huyu ndala, yule kawa, mwingine mfuniko wa sufuria. Kiti kitakachokutwa kitupu msimu mpya ukianza ni cha yeyote atakayewahi. Cha Bwana Hemedi kilishikwa na tofali, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufikiria sana mambo ya mpira. Cha Mwanahija, pembeni yake, kilishikwa na kanga.

Ilikuwa kanga kuukuu ya rangi za Jitihada, kijani na njano, ambayo maandishi yake yalikuwa yamefifia kwa kufuliwa mpaka likabaki neno moja tu, BADO. Mwanahija alikuwa anaitandaza hata akienda kununua karanga. Baada ya arobaini, Bwana Hemedi aliikunja kanga hiyo, akaenda nayo uwanjani mchana mtupu usio na mechi, akaitandaza kwenye kile kiti, akailainisha pembe. Kisha akaketi kwenye tofali lake. Alikuwa na mkewe pale kwa saa nzima, na kwa mujibu wa utaratibu wa nchi hakuna aliyeweza kubisha.

*

Shida yake ilikuwa nyumbani. Wakati wa mapumziko ya msimu ndio ulikuwa wakati wa Mwanahija.

Kila msimu ukiisha alikuwa akipanga kikosi kipya juu ya meza ya jikoni. Nazi ilikuwa kipa. Viazi vilikuwa mabeki, nyanya zilicheza katikati, na mbele aliweka pilipili, maana alitaka mtu wa kuwasha. Alivisogeza, akavitukana, akamtoa kiazi huyu akamwingiza yule, akamwita mumewe aje kuona. Bwana Hemedi aliangalia na kusema, "Sawa." Ilikuwa kazi yake katika mjadala. Jioni ikifika kikosi kilipikwa, na kesho yake kilipangwa kipya. Familia ile imekula mabeki wengi kuliko washambuliaji wowote wa ligi.

Mmoja tu hakupikwa. Upande wa kushoto, nyuma, namba tatu, palikuwa na ndimu. Huyo alikuwa Kibwana Shemboko. "Huyu hauzwi, hatemwi, wala haliwi," alikuwa akisema. Mashabiki wengine walimwona Kibwana mzito, hana chenga, na kichwa chake kikubwa kinachelewa kugeuka. Mwanahija aliona jambo moja: wachezaji wote wa Jitihada walikimbia mbele, kwa kuwa mbele ndiko zilikokuwa kamera, na aliyekimbia kurudi nyuma alikuwa Kibwana peke yake.

Sasa Bwana Hemedi alipanga viazi mwenyewe. Alivipanga, akaviangalia, na hakukuwa na mtu wa kumwambia "Sawa."

Chogo aliingia kuomba moto wa jiko, akaikuta ile meza.

"Shemeji, mbona nazi imesimama mbele ya pilipili?"

"Ndiye kipa."

"Kipa anacheza straika? Kweli nyinyi Jitihada mmechanganyikiwa. Na hiki kitunguu?"

"Kocha."

"Basi ndio maana mnalia kila wiki." Chogo alicheka, kisha akakumbuka alipo. Akachukua nazi, akairudisha golini taratibu. "Marehemu angenichapa mwiko kwa kugusa. Namba tatu bado ndimu?"

"Bado."

"Hapo tu ndipo alipokuwa na akili, Mungu amrehemu. Kwingine kote alikuwa Jitihada."

*

Mwezi uliofuata, Waziri wa Michezo, Subira na Maelezo, Mheshimiwa Dakta Ndelwa Mashauri, aliita waandishi wa habari na kutangaza Mageuzi Makubwa ya Kikosi. Mwenyewe hakuwepo. Koti lake lilikaa mezani katikati ya maua, na hotuba ikatoka kwenye kipaza sauti kilichowekwa mfukoni.

"Ndugu wananchi," lilisema koti, "wataalamu wetu wamekaa, wakala, wakakaa tena, na wameligundua tatizo. Wachezaji wetu wanafungwa wakiwa uwanjani. Narudia: katika mabao yote tuliyofungwa, hakuna hata moja ambalo wachezaji wetu hawakuwepo! Serikali hii sikivu haiwezi kuendelea kuwaacha vijana wahusike na mambo ya aibu namna hiyo."

Makofi yalipigwa. Kuanzia msimu mpya, ikaelezwa, Jitihada itaundwa na watu wazito, ambao nafasi zao zitashikwa na makoti yao, yatakayowekwa uwanjani Siku ya Kushika Nafasi, kabla ya mechi ya kwanza. Straika ni shemeji wa Waziri, aliyeko ng'ambo akikuza kipaji. Koti lake limekwisha kuwasili na linaendelea kuzoea hali ya hewa. Katikati watacheza wakurugenzi. Golini ni Mkuu wa Forodha, ambaye rekodi yake ya kuzuia vitu kupita inajulikana.

"Na namba tatu?" mwandishi mmoja aliuliza.

"Namba tatu itakwenda kwa Mkurugenzi wa Itifaki. Aliyepo, huyu Shemboko, tumemchunguza. Amekuwa akija mazoezini mwenyewe. Kwenye mechi anakuja mwenyewe. Mtu wa kuja mwenyewe kila mahali, ndugu zangu, ni dalili kwamba hana mtu."

Bwana Hemedi alizima redio. Ilikuwa mara ya kwanza kuizima tangu siku ile.

*

Kibwana Shemboko alikuja kwa Bwana Hemedi siku mbili tatu baadaye. Aliinama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, akasimama karibu na cherehani kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Pole na msiba, mzee. Nilikuja kuzika, ila nilikaa nyuma."

"Nilikuona. Huwa unakaa nyuma."

Kibwana alicheka kidogo, akatazama mikono yake. "Nimekuja nishonewe koti. La kawaida tu. Nikaliweke pale kushoto Siku ya Kushika Nafasi."

Bwana Hemedi akamweleza kwa upole kile ambacho mafundi wote wa mji walikuwa wameshaambiwa. Kwanza, vitambaa vyote vya koti vimechukuliwa na Wizara kwa ajili ya kikosi. Pili, mchezaji haruhusiwi kujishikia nafasi mwenyewe, ili kuondoa upendeleo. Tatu, kitu cha kushikia lazima kiwe na uzoefu: kiwe kimeshashika nafasi mahali fulani kwa msimu mzima au zaidi.

"Basi ndio nimeisha," Kibwana akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma ubao wa matokeo. "Nina jezi tu, mzee, na jezi ni ya serikali."

Alinyanyuka kuaga, akasita.

"Mama alikuwa ananiita kutoka jukwaani. Mzee ulikuwa unamsikia?"

"Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Sikio hili halijapona mpaka leo."

"Rudi, baba, rudi! Mechi nzima. Wenzangu wanasema mimi ni mzito lakini narudi haraka, sijui nimefundishwa na nani. Nilikuwa naitwa, mzee. Uwanja mzima, aliyeniita bila kunitukana ni yeye."

Alipoondoka, Bwana Hemedi aliketi kwenye cherehani bila kukanyaga pedali. Vitu vyenye uzoefu alikuwa navyo viwili. Kimoja kilikuwa tofali, na matofali mwisho wake ni jukwaani; kwenye nyasi yamepigwa marufuku tangu refa wa fainali ya mwaka juzi apate matatizo. Cha pili ni kanga. Akiiacha kanga ilipo, Mwanahija ana kiti chake na Kibwana hana timu. Akiiondoa, kiti kinakuwa kitupu.

Akaenda kumuuliza Chogo, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumuuliza mambo ya usajili.

"Usiniulize mimi," Chogo alisema, wembe hewani, mteja akiwa ameinamisha shingo. "Mimi ni Posta. Nataka Jitihada icheze na makoti mpaka kiama."

"Najua."

"Kiti kile ni cha mkeo."

"Najua."

Chogo akanyoa kidogo, akapuliza nywele. "Yeye angeuliza swali moja tu," akasema. "Angeuliza, nani atarudi nyuma?"

*

Siku ya Kushika Nafasi ilifunguliwa kwa bendi ya polisi. Makoti yalikuja kwa magari ya serikali, kila koti na dereva wake, yamefungwa mikanda kwenye viti vya nyuma. Mlangoni yalipigiwa saluti.

Bwana Hemedi alikuwa amefika mapema. Alipanda jukwaani moja kwa moja. Mlinzi wa viti, Mzee Kupaza, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba wasiokuwepo hawasumbuliwi, alimwona ameshika pindo la ile kanga.

"Angalia, fundi," akamwambia. "Ukiinyanyua hapo, mama ameondoka rasmi. Siwezi kumrudisha."

Bwana Hemedi hakuliachia pindo. Bendi ilikuwa inapiga wimbo wa ushindi, ambao nchi hiyo ilikuwa nao tayari.

"Ameshaondoka," akasema.

Akainyanyua. Chini yake kiti kilikuwa na vumbi pembezoni na safi katikati. Akashuka ngazi, akavuka mstari mweupe, akaenda upande wa kushoto, nyuma, akaitandaza kanga kwenye nyasi na kuilainisha pembe.

Koti la Itifaki lilichelewa, kwa kuwa lilikuwa kwenye kikao kingine. Lilipofika, dereva wake alikuta mahali pameshikwa. Akapiga honi. Kanga haikusogea. Ofisa wa kwanza akaja, akaita wa pili, wa pili akapiga simu, na hatimaye likatokea jambo ambalo wananchi wengi hawakuwahi kuliona: Waziri alikuja mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko koti lake.

"Kanga hii ni ya nani?"

"Ya Mwanahija binti Faraji, mheshimiwa. Mke wangu."

"Ina uzoefu?"

Mzee Kupaza alipaza sauti kutoka jukwaani kwamba ina uzoefu kuliko bendera ya pale nje.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo."

"Sikiliza, mzee. Hapa hakuna aliyepo. Huyu wa Itifaki hayupo, straika wangu hayupo, mimi mwenyewe leo nimepatikana kwa bahati mbaya. Nakuuliza hayupo kivipi. Hayupo kama yuko safarini, au hayupo kama yuko kwenye semina?"

"Hayupo kabisa," alisema Bwana Hemedi.

"Kabisa?"

"Alifariki, mheshimiwa. Siku ile ya sita bila."

Waziri alivua miwani. Maofisa walioko nyuma yake wakasimama wima. Walikuwa watu waliotumia maisha yao yote kutokuwepo, wengine kwa shahada, na sasa walikuwa mbele ya mtu aliyewapita wote. Mkurugenzi wa Itifaki alipopigiwa simu na kuelezwa, alisema hawezi kushindana na kiwango hicho, akaliita koti lake lirudi nyumbani.

"Mama huyu apewe namba tatu," alisema Waziri, sauti imemlegea. "Tena apewe na unahodha. Nani anamshikia?"

"Nafasi inashikwa na kanga, mheshimiwa," ofisa mmoja alikumbusha.

"Kanga itafungwa mkononi kama kitambaa cha nahodha," alisema Bwana Hemedi, ambaye hajawahi kusema sentensi ndefu namna hiyo mbele ya mkubwa. "Na mkono ni wa Kibwana Shemboko. Mke wangu alimwachia yeye."

Hakuna aliyepata kifungu cha kukataa. Jioni redio ilitangaza usajili mpya wa Mwanahija binti Faraji, beki wa kushoto, mchezaji mtulivu asiye na rekodi ya kadi wala majeruhi.

Bwana Hemedi alipopanda tena jukwaani kuchukua njia ya kutokea, kile kiti kilikuwa kimeshashikwa. Juu yake palikuwa na taulo la kinyozi, lenye nywele za watu na harufu ya spiriti.

"Kilikuwa kitupu," alisema Chogo, amesimama nyuma yake, skafu ya Posta shingoni. "Angekuja mtu wa Wizara. Bora mimi. Lakini nakwambia mapema, shemeji, mimi nitashangilia."

"Shangilia tu."

*

Msimu umeanza. Makoti ya Jitihada husimamishwa kwenye miti iliyochimbiwa ardhini, na hayachezi vibaya sana. Mpira ukimgonga Mkurugenzi wa Mipango hurudi ulikotoka, jambo ambalo mtangulizi wake hakuliweza. Siku za upepo timu hushambulia. Koti la straika lilifunga bao moja kwa mkono, refa akalikubali.

Mabao mengi bado yanapita kulia. Kushoto anakimbia Kibwana, kanga ya kijani na njano imefungwa mkononi inampepea, na kwa kuwa yuko peke yake anarudi kushoto, anarudi katikati, na siku nyingine anarudi mpaka golini, maana Mkuu wa Forodha huanguka.

Kwenye mechi ya kwanza alipitwa, akasimama, akageuza kile kichwa chake polepole kuelekea jukwaani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Jukwaa lilikuwa linamtukana. Bwana Hemedi aliinuka kwenye tofali lake. Hakuwahi kupiga kelele uwanjani maisha yake yote, na sauti ya kwanza ilitoka kama ya mlango.

"Rudi!" akaita. "Rudi, baba, rudi!"

Kibwana akarudi. Chogo akaziba sikio.

Walifungwa tatu. Jitihada iko mkiani mwa ligi. Mechi ijayo ni Jumamosi, saa kumi alasiri, na Posta.